Mama Naye Karudi Shule



Tangu Septemba wengi mmeniuliza mbona hamnioni tena na sare ya kazi. Uuguzi sijauacha. Baada ya miaka 11 wodini, nimechukua mapumziko ya mwaka mmoja bila mshahara, nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nimechoka kuwapokea wagonjwa wa sukari na presha wakiwa wamekwisha kuchelewa. Nataka kujifunza namna ya kuwafikia mapema, huko huko mitaani kwao.

Mwanangu wa miaka 8 aliposikia aliuliza, "Mama, wamekufukuza?" Bibi yake kule Tanga akasema kwenye simu, "Mshahara unauacha, mwanangu, ukakae darasani na watoto?" Nilijua kinachomtia hofu. Dawa za baba hununuliwa kwa fedha ninazotuma. Kwa hiyo kabla sijaandika barua kazini, ndugu wote wanne tulizungumza, tukagawana mzigo. Hapo ndipo mama alipotoa radhi yake.

Wewe nesi mwenye nia kama yangu, nakuomba uangalie mambo matatu. Kwanza, usikimbilie kuacha kazi. Hapa Uingereza NHS ina utaratibu wa mapumziko ya kazi. Yasipozidi mwaka, unarudi kazi ile ile kadiri iwezekanavyo. Omba kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Pili, linda usajili wako. Kila miaka 3 baraza la NMC hutaka uwe umefanya kazi saa 450 na kujifunza saa 35. Saa 450 ni kama zamu 38 za saa 12, yaani zamu moja na kidogo kwa mwezi. Mimi nafanya zamu moja moja wikendi ambazo hatuna shule, na kila saa naiandika daftarini. Zikipungua, huenda ukatakiwa kusoma kozi ya kurejea kazini au kufanya mtihani. Tatu, kama viza yako imefungwa kwa mwajiri, pata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla hujatamka lolote.

Sitawaficha, nyumbani tumejibana. Safari ya Tanga mwaka huu haipo, na watoto wamelalamika. Wana haki.

Nanyi watoto, mkimwona mama au baba amekaa na vitabu usiku, msidhani kazi imemshinda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkaribieni mezani na daftari lenu la Kiswahili. Mwanangu hunikagua kila Ijumaa: "Mama, umemaliza kazi ya nyumbani?" Wiki iliyopita yeye alikuwa amemaliza, mimi bado kurasa mbili.