Daftari la Duka la Kitale

Kila mwezi wa tatu, mawingu yakianza kukaa juu ya Elgon, baba alinichukua kutoka Kimilili tukapanda basi kupitia Kamukuywa na Kiminini mpaka Kitale, na kabla sijaliona duka nilikuwa nimeshalinusa: mafuta ya taa, bizari, sabuni ya mche, magunia mapya ya katani, na udi uliofukizwa mbele ya picha ya mungu wa Wahindi wenye duka, juu ya rafu ya vitambaa. Barazani alikaa fundi cherehani, miguu haitulii, na akina mama walioleta vitambaa vyao walingoja hapo magauni yaishe huku wakipashana habari za Bungoma nzima.

Sasa baraza limekatwakatwa. Lina vibanda vitano.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na maduka ya Wahindi yakakua pamoja na mji. Mzungu alikuwa na shamba, Mhindi duka, sisi jasho. Hata baada ya uhuru tajiri wa duka lile alibaki nyuma ya kaunta, na ndiye aliyemuuzia baba mbegu chotara ya mahindi ya 611, ile iliyotoka kwa watafiti wa Kitale mwaka 1964. Alimpa kwa mkopo. Hakudai hati wala mdhamini. Alifungua daftari refu lenye jalada jekundu, akalowesha ncha ya penseli ulimini, akaandika. Bado namwona baba ameuinamia ukurasa ule, kofia mkononi, akiyatazama maandishi ya Kigujarati yaliyopinda kama ndoano. Deni lilikuwa lake na hakuweza kulisoma. Mwezi wa kumi na moja, mahindi yakishapukuchuliwa na kuuzwa, alilipa alichoambiwa. Sijui kama alipunjwa. Najua kwamba mwaka mvua ilipotutupa, tajiri alifunua ukurasa mpya akatupa mbegu tena.

Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ilianza kuwabana wasio raia. Tajiri wetu alivumilia miaka kadhaa, watoto wake wakatangulia Uingereza, naye akawafuata. Nilifurahi duka lilipoingia mikononi mwa watu wetu. Bado nafurahi: kibanda kimoja kati ya vile vitano ni cha dada yangu, ambaye zamani angeishia kungoja gauni pale barazani. Anauza mbegu na mbolea. Mkopo wake unakuja kwa simu, kwa Kiswahili, na anausoma mwenyewe hadi shilingi ya mwisho. Lakini simu haingoji mavuno. Siku thelathini zikiisha, inadai.

Nasi tumelikata shamba kama walivyolikata baraza. Upande wetu wa Bungoma wengi walihamia miwa kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga mwaka 1978. Baba alikataa, akafa na mahindi yake, na ekari zake nane zikagawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu.

Mwezi wa tatu uliopita nilikwenda kwa dada na mtoto wa marehemu kaka yetu. Mbegu ya 614 ilikuwepo. Dada akateremsha mfuko wa kilo 10, unaotosha ekari moja, kama baba alivyozoea kununua, akauweka mezani. Kijana akauinua taratibu, akaurudisha kwenye rafu.

“Shangazi,” akasema, “nipe ile ya kilo 2.”