Mwaka Mpya wa Pili, Cape Town

Tarehe 1 Januari Cape Town inalala. Adderley Street kumepoa, maduka yamefungwa, na waliokesha na waimbaji wa mtaa wa Bo-Kaap bado wamejifunika shuka. Kwa wajukuu wa watumwa wa mji huu, mwaka unaanza kesho yake. Wenyewe huiita Tweede Nuwe Jaar, Mwaka Mpya wa Pili, na chanzo chake hakina fumbo. Enzi za Wadachi, tarehe mosi mabwana walisherehekea na watumwa walikuwa jikoni. Nafasi yao ya kupumua ilikuja siku ya pili. Utumwa ulifutwa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, watu wakabanwa miaka minne zaidi kwa kisingizio cha kufundishwa kazi, hadi 1838. Uhuru ulipotimia, siku yao hawakuirudisha.

Anayetaka kuiona vizuri asimame Wale Street, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Bo-Kaap, mgongo umeelekezwa Signal Hill na Table Mountain iko upande wa kulia. Awahi, maana familia nyingine huweka viti na mahema kando ya njia tangu usiku. Sauti hutangulia macho. Kwanza goema, ngoma ya upande mmoja iliyotokana na kipipa cha mvinyo kilichowambwa ngozi, hubebwa kwapani na kupigwa kwa mikono yote miwili. Kwa sikio la mtu wa pwani yetu, jina na mlio wake si vitu vya kigeni, wala si ajabu, kwani katika maelfu ya watu walioletwa hapa kwa nguvu kati ya 1658 na 1808, pamoja na wale wa India, visiwa vya Indonesia na Madagaska, wengi walipakiwa melini pwani ya Msumbiji. Nyuma ya goema zinafuata banjo, matari, saksofoni na tarumbeta. Ndipo unapoona rangi.

Suti za satini zinazong'aa, kofia za rangi hiyo hiyo, miavuli midogo isiyozuia jua wala mvua. Kila kikundi, klops kwa lugha yao, kina rangi zake, na mafundi cherehani huzificha kama siri ya ndoa mpaka siku yenyewe. Vikundi vikubwa huwa na watu mamia kwa mamia, kuanzia mtoto anayejifunza kutembea hadi bibi mwenye mkongojo. Mbele anacheza voorloper, kiongozi wa msafara, anayejirusha, anayejipinda, anayerudi kinyumenyume huku fimbo ikizunguka vidoleni. Upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao wenyeji huuita Daktari kwa sababu hufagia hewa chafu ya mji, ukiamua kushuka mlimani saa hiyo, miavuli hupinduka na kicheko huongezeka.

Kisha unaziona nyuso. Siku hizi nyingi hupakwa rangi za kikundi na vumbi la kumetameta, lakini desturi ya zamani ilikuwa uso mweusi wenye duara jeupe kuzunguka macho na midomo, na mgeni anayeijua historia ya sura hiyo lazima ashtuke. Ilizaliwa Marekani. Mnamo miaka ya 1830 Mzungu mmoja, Thomas Dartmouth Rice, alijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, akapanda jukwaani kumwigiza mtumwa mweusi kama mpumbavu anayechezacheza. Jina la mhusika wake, Jim Crow, baadaye likabandikwa kwenye sheria za ubaguzi. Mwaka 1843 Virginia Minstrels walifanya mchezo huo kuwa onyesho kamili mjini New York, na kundi la Christy likaufanya biashara. Mwaka 1862 waigizaji wa Kizungu waliotumia jina hilo la Christy walifika Cape Town na banjo zao na masizi yao.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka. Watu wa Cape waliitazama kejeli iliyotungwa juu ya watu kama wao, wakachukua banjo, wakachukua rangi, wakachukua suti, wakavipeleka kwenye sikukuu yao ambayo tayari ilikuwa na goema. Mwaka 1890 akaja Orpheus McAdoo, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani North Carolina, na kundi lake la Virginia Jubilee Singers. Safari hii waliosimama jukwaani walikuwa weusi wenyewe, wamevaa nadhifu, wanaimba nyimbo za dini za watumwa kwa sauti zilizopangwa, na ukumbi mzima unawapigia makofi. Nadhani Christy aliwapa watu wa Cape kinyago, McAdoo akawapa kifua cha kukivaa. Mwaka 1907 mashindano ya vikundi yaliandaliwa Green Point.

Nani kati yetu atawacheka? Babu zetu wa Lamu na Mombasa walicheza ngoma ya beni kwa magwanda na vyeo vya Kizungu, vikundi vikishindana, na hakuna aliyedhani kwamba wamemwabudu Mzungu.

Nyimbo zenyewe ni za namna mbili, na ni heri usikie zote. Moppie ni wimbo wa kuchekesha kwa Kiafrikaans: manju anasimama mbele, mikono na macho yake yanaeleza mkasa, na muziki hunyakuliwa popote, hata redioni. Ya pili, nederlandslied, huimbwa zaidi na kwaya za Kimalei, ambazo bodi yao iliundwa 1939. Maneno ni ya mapenzi kwa Kidachi cha zamani, lakini kiongozi anapoivuta sauti, akaikunja na kuipandisha juu ya kwaya iliyotulia, mpenzi wa taarabu atageuza shingo. Mkunjo huo huitwa karienkel. Waimbaji wengi wamekulia madrasa, kwenye mtaa wa msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini, ulioanzishwa 1794. Imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, mfungwa kutoka Tidore, aliandika msahafu kwa kumbukumbu alipokuwa kifungoni. Usiku wa kuamkia mwaka kwaya hizi hupita nyumba kwa nyumba, na kila mwenye nyumba hutandika meza: sambusa, keki, na koesister, andazi la viungo lililochovywa shira na kunyunyiziwa nazi.

Msafara wa tarehe pili huanzia upande wa District Six, na hilo lina uzito wake. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ilitangaza mtaa huo kuwa wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 walihamishiwa tambarare za mchanga za Cape Flats, nyumba zikabomolewa, na kwa miaka kadhaa msafara nao ukafukuzwa katikati ya mji. Sehemu kubwa ya ardhi ile bado ni majani. Ukipata saa moja, ingia jumba la makumbusho la District Six, kanisa la zamani la Buitenkant Street, ambamo ramani ya mtaa imetandazwa sakafuni na waliofukuzwa wameandika majina yao mahali nyumba zilipokuwa. Mapigo ya goema hayakufia kwenye kifusi. Mwanamuziki Abdullah Ibrahim aliyatia kwenye jazi yake, na wimbo wake Mannenberg wa 1974 umebeba jina la kitongoji kimoja cha Cape Flats. Kwa hiyo mabasi yanapowashusha wajukuu wa waliofukuzwa, nao wakapita Darling Street wakiwa wamejaza njia kutoka ukingo hadi ukingo, wanapita kwao.

Kuna wasomi na wanasiasa, weusi na machotara, wanaoiona rangi ile ya usoni kuwa aibu, na hoja yao ina mashiko. Mimi, baada ya kusimama Wale Street, nimeegemea upande wa wachezaji.

Baada ya hapo vikundi huhamia viwanjani kwa mashindano ya wiki kadhaa: suti bora, moppie bora, gwaride bora, mwimbaji bora. Tiketi ni rahisi na watalii ni wachache. Kaa karibu na kina mama wanaokijua kila kikundi kwa jina la nahodha wake, na matokeo yakisomwa, jiandae kusikia lawama kwa waamuzi mpaka kituo cha basi.