Baba Wawili, Fomu Moja

Nimefasiri mengi katika umri wangu: mikataba ya kukodi majahazi, vijitabu vya malaria, barua za posa, na mashairi ambayo hakuna aliyenilipa kuyafasiri. Sijapata kufasiri kitu kilichonitoa jasho kama fomu ya mkopo wa elimu ya juu ya binti wa kaka yangu. Lugha yake haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni maisha ya kaka yangu, yaliyotakiwa yaingie katika visanduku vyake.

Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha. Nilimaliza darasa la saba huko, nikapanda treni ya reli ya kati, na bahari ikanipokea nikiwa kijana. Tangu hapo naishi Unguja. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyong'oka jalada, na chuo kikuu nimekiona kwa nje. Kaka yangu alibaki na shamba la marehemu baba yetu: migomba, mihogo, maharage na mizinga ya nyuki.

Mwaka juzi nilipokwenda kumzuru, tuliketi barazani kwake, fomu ikiwa juu ya mkeka. Nikamsomea: kipato cha mzazi kwa mwaka. Akacheka. "Mwaka upi, mdogo wangu?" Swali lake lilikuwa la haki. Kuna mwaka nyuki huja, kuna mwaka huhama. Maharage yakistawi, hustawi kwa wote, na bei huanguka siku ile ile ambayo magunia yamejaa. Neno "kipato" limetoka katika kupata. Fomu huuliza kilichopatikana, haiulizi kilichopotea njiani.

Ni vyema nieleze, kwa faida ya msomaji asiyelijua jambo hili, kwamba haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu waliosoma chuo kikuu katika miaka ya 1970 walisomeshwa na serikali. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, na mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ikaunda bodi yake mwaka 2011. Kwa kuwa mfuko hautoshi kila mkono, lazima wapimwe: nani mhitaji, na ni mhitaji kiasi gani. Yatima hutazamwa, mwenye ulemavu hutazamwa, kaya iliyomo katika mpango wa TASAF hutazamwa. Hutazamwa pia ada ambayo mwombaji alilipiwa sekondari, kwani aliyemudu ada kubwa jana hudhaniwa ataimudu na leo. Kipimo hiki hakikupokewa kwa shangwe. Mwaka 2008 wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakidai mkopo wa asilimia 100 kwa wote, na vyuo kadhaa vikafungwa.

Siwezi kusema kwamba kupima ni dhuluma. Asiyepima humpa mwenye nacho sawa na asiye nacho, na hilo nalo ni dhuluma. Lakini kila kipimo kina jicho lake. Mwalimu wa Kasulu hana pa kujificha, kwani hati ya mshahara wake humsema hadi senti. Mfanyabiashara mwenye maduka mawili sokoni anaweza kujiandika mkulima mdogo. Na mkulima mdogo wa kweli, kama kaka yangu, huweza kujiandika tajiri kwa sababu ya haya.

Ndivyo ilivyokuwa. Fomu ilitakiwa ipitie kwa viongozi wa kijiji, iwekwe saini na muhuri. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu aliyecheza naye utotoni na akashindana naye kwa mavuno. "Nimpelekee karatasi inayosema sina kitu?" akaniuliza. Akataja kiasi cha kipato ambacho hata mwaka wa neema hakijapata kumfikia. Usiku ule nilimwandikia ubeti, kwa kuwa mimi ni mdogo wake na siwezi kumkemea:

Ukata si aibuyo, aibu kunyima mwana,
Usiifiche haliyo, ndugu useme bayana,
Heshima i ndani moyo, si fomuni kuiona,
Andika kweli iliyo, tusije tukalumbana.

Asubuhi akanijibu kwa maneno matupu yaliyonizidi: "Shairi zuri. Lakini wewe kesho unapanda basi. Mimi nabaki nao." Hata hivyo akachukua kalamu, akaifuta ile hesabu, akaandika ya kweli. Nikadhani kazi imekwisha.

Haikwisha. Kosa lililobaki lilikuwa langu mwenyewe. Binti alisoma kidato cha kwanza hadi cha nne katika skuli binafsi ya bweni Kasulu mjini, kwa kuwa skuli ya karibu na kijijini ilimtaka atembee alfajiri na giza, na sisi tulikuwa na hofu ya njia. Ada niliilipa mimi, kwa fedha za kufasiri. Miongozo humtaka mwombaji aliyefadhiliwa aambatishe ushahidi wa mfadhili wake. Nilipofika hapo nilipita bila kusita. Mfadhili gani? Kwetu Waha, kama ilivyo kwenu wa visiwani, mdogo wa baba ni baba. Mtoto huyu tangu ajue kusema ananiita baba mdogo, na akisahau huliacha hilo neno "mdogo". Je, baba humfadhili mwanawe?

Basi karatasi zetu zikamwonesha mkulima wa Kibondo mwenye kipato kidogo aliyelipa ada kubwa miaka minne. Asomaye karatasi huamini karatasi. Orodha zilipotoka, jina la binti halikuwamo. Alinipigia simu, wala hakulia. Alisema tu, "Baba, nitasubiri mwaka mmoja, nitasaidia shamba." Nilijiona nimemfungia mlango kwa ufunguo ule ule niliomfungulia.

Kulikuwa na nafasi ya kukata rufaa. Nikaketi chumbani kwangu Unguja kuandika barua ya ushahidi. Nilijaribu mara tatu kueleza kwamba mimi ni baba yake lakini si baba yake, na kila mara sentensi ilianguka. Mara ya nne nikaandika kama walivyotaka watu wa karatasi: mimi si mzazi wa mwombaji, nilimlipia ada kama mfadhili, mzazi wake hakuwa na uwezo wa kuilipa. Sentensi tatu. Ya kwanza ilinikata mimi, ya tatu ilimkata kaka yangu.

Kabla ya kuituma nilimsomea kwenye simu. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia kuku na mvua ya kule. Kisha akasema, "Itume. Wao wana baba mmoja. Sisi tunajua."

Rufaa ilikubaliwa kwa sehemu. Binti yuko chuoni mwaka wa pili. Sehemu iliyosalia tunaichanga, asali ya kule na tafsiri za huku. Deni atalilipa mwenyewe atakapoajiriwa, kwa makato ya mshahara, na siku hiyo atakuwa na karatasi ya kuonesha kipato chake hadi senti. Namwombea ifike. Nakala ya ile barua ninayo mtoto wa meza. Ni tafsiri sahihi, kila neno lake ni kweli, na sijapata kuandika kitu kilichokosa kweli zaidi ya hicho.