Ajaili au haraka haraka tu?

Waandishi wa habari na wajaribu wa programu za kompyuta tunafanana kwa jambo moja: kazi yetu ni kuuliza "una uhakika?" Ndiyo maana hatupendwi sana.

Nina marafiki kadhaa hapa Nairobi wanaofanya kazi hiyo ya kujaribu programu. Kila nikikaa nao nasikia kilio kile kile. Timu inajiita ya ajaili, kila asubuhi watu wanasimama dakika 15 kuambiana walipofika, kazi imekatwa vipande vya wiki mbili mbili. Safi kabisa. Lakini waandishi wa programu wanamaliza Alhamisi usiku, na Ijumaa mchana bosi anataka kumwonyesha mteja. Mjaribu amebakiziwa asubuhi moja. Jamani, hiyo ni ajaili au ni haraka haraka tu?

Ajaili yenyewe haikusema hivyo. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko lao. Walisema kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Mmoja wao, Kent Beck, alikuwa tayari anahimiza jambo linaloshangaza wengi: andika jaribio kwanza, programu baadaye. Yaani kabla hujajenga, sema utajuaje kuwa imekubali.

Tusidhani haya ni mambo ya wataalamu peke yao. Machi 2013, kura za urais zikihesabiwa Kenya, kura zilizokataliwa zilipanda kwenye skrini hadi zaidi ya 300,000. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa inazizidisha mara 8. Nchi nzima imekodoa macho! Kuingiza kura 10 na kutazama kama zitatoka 10 ni kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo mimi nasema mjaribu akae mezani tangu siku ya kwanza, kazi inapoelezwa. Aulize: mtu akibonyeza "tuma" mara mbili je? Mtandao ukikatika katikati je? Mama mboga mwenye simu ya zamani je? Na kazi isihesabiwe imeisha kabla ya kujaribiwa. Muda ukiwa mfupi, punguzeni vya kujenga, msipunguze kujaribu.

Mkimnyima mjaribu wenu nafasi, majaribio bado yatafanyika. Watayafanya wateja, kwa pesa zao.