Jiko la Mama

Saa kumi na moja alfajiri mama aliniita kwa jina langu kamili, la kwangu na la baba. Akiniita hivyo najua kuna jambo.

"Labeka, mama."

"Njoo utazame jiko lako hili. Latoa moshi kama gari la mkaa."

Jiko lilikuwa langu siku hiyo tu, kwa vile lilikuwa limeharibika.

Mama huuza mahamri na mbaazi hapa Kisauni, Mombasa, na hayo ndiyo yaliyonilipia karo hadi kidato cha nne. Maisha yake yote alipikia makaa. Lakini mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, makaa yakapanda bei, na mwishowe akanunua jiko la peleti: mkebe wa chuma wenye feni ndogo chini, inayoendeshwa na betri. Peleti zenyewe ni vidonge vya maranda yaliyoshindiliwa kwa mashine, unene wa penseli. Unazijaza ndani, unawasha kwa juu, si kwa chini kama kuni, na moto unashuka polepole. Joto huzifanya peleti zitoe gesi. Feni hupuliza hewa kwenye matundu ya juu, gesi ikawaka. Likiwa zima huoni moshi.

"Wewe si umesoma?" mama alisema. "Haya, soma basi." Akanitupia kijitabu cha maelezo.

Neno hilo lilinichoma. Tangu nimalize shule nimeketi nyumbani naandika riwaya. Nimefika ukurasa wa 110 na haijaleta hata shilingi.

Nikaanza na feni, maana ina waya, na sisi vijana tukiona waya twajiona mafundi. Nililizima jiko, lakini sikungoja lipoe, na alama ya haraka yangu iko kidoleni hadi leo. Nikafungua skrubu. Lo! Mapanga ya feni yalikuwa yameganda majivu. Nikayasugua kwa mswaki mkuukuu. Ncha za betri zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Nikazikwangua kwa msasa. Feni ikavuma kama nyuki. Nikawasha, nikamwita mama kwa fahari.

Moshi! Tena mzito kuliko ule wa kwanza. Wateja wawili waliokuja na mabakuli yao walipiga chafya, wakaenda kwa jirani. Mama hakunena kitu. Afadhali angenitukana.

Nikazibua matundu ya hewa moja moja kwa sindano ya magunia. Bado.

Hapo ndipo nilipochukua peleti moja nikaivunja, bila kufikiri. Peleti kavu hukatika ta! kama chaki. Hii ilimomonyoka kiganjani kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikatia mkono hadi chini ya gunia: baridi, peleti zimevimba, nyingine zimerudi kuwa maranda. Peleti mbichi haiwaki sawasawa, hufuka tu, na unga wake huziba njia ya hewa. Feni haikuwa na kosa kubwa.

Gunia hilo siku zote lilikaa juu ya meza. Wiki moja kabla, ni mimi niliyelishusha sakafuni, kando ya mtungi wa maji, kwa kuwa nilitaka meza ya kuandikia.

Nikachota za juu zilizokuwa bado kavu, nikazipepeta kwenye ungo kuondoa vumbi, nikawasha upya. Mwali ukasimama safi. Mahamri ya kwanza yalitoka saa moja na nusu, unga umeshachacha, na wateja wengi wameshakwenda kazini.

"Lilikuwa na nini?" mama aliuliza.

"Feni, mama. Ilijaa majivu."

Si uongo mtupu, msomaji, wewe mwenyewe umeona majivu. Mama akasema, "Ahsante, fundi wangu," akanipa mahamri mawili ya moto. Yalinikwama kooni.

Usiku nililirudisha gunia mezani kimyakimya, nikaziweka karatasi zangu pale sakafuni. Alfajiri mama aliingia na taa. Akalitazama gunia, akazitazama karatasi, akautazama mtungi.

"Na hizo je," akasema, "hazitapata maji?"

Akaenda zake kukanda unga.