Hedi ya Mama na Injini ya Donovan

Likizo ya mwaka wa tatu nilipanda basi la Kilosa na mizigo miwili: begi la nguo, na kiroba chenye kipande cha alumini cha kilo nne na ushee. Kondakta akataka nauli ya mzigo. Nikamwambia hii ni hedi ya injini, nimeitengeneza mwenyewe. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Hongera, injinia. Buku tano." Nililipa bila kubishana. Siku ile hata angetaka kumi ningetoa.

Wasomi wenzangu, wengi wetu tunasukumwa na bumu. Mimi kabla ya bumu nilisukumwa na mashine ya kusaga. Tangu kidato cha kwanza, ada yangu ilitoka kwenye madebe ya mahindi ya majirani, na madebe hayo yalisagwa na injini moja ya dizeli ya silinda moja, ya zamani kuliko mama mwenyewe. Mwaka ule hedi yake ilipasuka kati ya valvu mbili. Spea hakuna. Fundi mmoja wa mjini akasema ataichomelea kwa laki tatu, bila dhamana. Mama alikuwa tayari kuzitoa. Mimi, kijana wa uhandisi mitambo, nikampigia simu: "Mama, usitoe hata mia. Nitumie hiyo mbovu."

Nikaenda nayo Gerezani kwa mafundi wanaosubu masufuria. Tukaikandamiza hedi ya chuma kwenye mchanga, tukaitoa, tukamimina alumini kwenye umbo lililobaki. Malighafi yenyewe ilikuwa skrepa ya masufuria yaliyotoboka. Ilipopoa ikang'aa kama sarafu mpya. Matundu ya bolti hayakukaa sawasawa na ya injini, nikayapanua kwa drili. Nikajiambia ni kasoro ndogo tu.

Jumamosi tukaifunga. Injini ikawaka, watu wakapanga madebe, mama akapiga vigelegele. Jumapili ikasaga. Jumatatu ikaanza kuwa nzito kuwaka. Jumanne mchana tulizungusha hendeli mpaka mikono ikafa ganzi, ikatoa moshi mweupe na basi. Kompresheni hakuna. Nilipofungua nikaona valvu ya ekzosi imejichimbia kwenye siti yake, imezama kama kisigino kwenye tope. Mama aliichukua ile hedi, akaigeuzageuza, akasema, "Kumbe ni sufuria." Hakuwa ananitania. Kisha akatoka nje kuwaambia wateja waende kwenye mashine ya umeme kule barabarani. Niliisikia sauti yake kutoka ndani. Sitaisahau.

Chuo kilipofunguliwa nikamsimulia mhadhiri wetu wa somo la vifaa. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja: "Unaijua Donovan 417?" Sikuijua. Akaniambia nikaisome, halafu nirudi nimweleze kosa langu mimi mwenyewe.

Hadithi yenyewe ni ya Marekani. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ilitoa injini ya V8 ambayo vyumba vyake vya kuchomea mafuta vina umbo la nusu tufe. Ndiyo watu wakaiita Hemi. Valvu zake mbili zilikuwa kubwa na zilitazamana, kwa hiyo hewa iliingia na moshi ukatoka kwa wepesi. Ilikuwa injini ya magari ya watu wenye pesa zao, ya chuma cha kusubu, nzito, zaidi ya kilo 300. Ilikua hadi inchi za ujazo 392, yaani kama lita 6.4, na baada ya modeli za mwaka 1958 Chrysler ikaachana na aina hiyo.

Kiwanda kiliacha, lakini vijana hawakuacha. Kule kuna watu wanaochukua gari kuukuu, wanalikata, wanalipunguza uzito na kulipa injini kubwa ili likimbie. Magari hayo huitwa hotirodi. Wengine wakaenda mbali zaidi, kwenye mbio za dragi: magari mawili, barabara iliyonyooka, robo maili, yaani mita 402 hivi, anayewahi kufika ameshinda. Kwa watu hawa Hemi kuukuu ilikuwa dhahabu. Don Garlits wa Florida, aliyeyaita magari yake Swamp Rat, alijijengea jina kwa injini hizo. Walizifuata kwenye skrepa, wakazifungua, wakazilisha nitromitheni badala ya petroli. Mafuta hayo yana oksijeni ndani yake. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kilo moja ya nitromitheni inahitaji chini ya kilo mbili. Maana yake, kwa hewa ileile unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na nguvu inapanda vibaya sana.

Sasa fikiria bloku iliyosubiwa ili impeleke tajiri kanisani, leo inabebeshwa mzigo huo. Zilipasuka. Na kila iliyopasuka ilikuwa imekwenda, kwa sababu hakuna kiwanda kilichokuwa kinatengeneza nyingine. Skrepa nayo ina mwisho.

Ed Donovan, mtu wa mbio wa California, ndiye aliyeamua kutosubiri skrepa iishe. Mwaka 1971 akatoa bloku mpya ya alumini kwa umbo la ile 392. Hakuichukua bloku kuukuu akaikandamiza kwenye mchanga. Alichora upya. Na jambo lililonifanya niweke kalamu chini pale maktaba ni hili: ndani ya alumini yake, kila silinda ilikuwa na laina ya chuma inayochomoleka. Pistoni haigusi alumini. Inapanda na kushuka ndani ya chuma. Silinda moja ikiharibika kwenye mashindano, unachomoa laina moja, unaweka nyingine, huitupi bloku nzima.

Nikapiga hesabu mwenyewe. Kipenyo cha silinda ya 392 ni inchi 4, ya Donovan ni inchi 4.125. Mwendo wa pistoni ni uleule, inchi 3.906. Zidisha kwa silinda nane unapata 417 na kidogo. Tofauti nzima ya jina inatokana na moja ya nane ya inchi. Ukiitazama kwa mbali utasema ni injini ileile, rangi tu imebadilika.

Nikarudi ofisini kwa mhadhiri. Nikamwambia, "Kosa langu ni kwamba nilibadili metali, nikaacha mchoro uleule." Akasema, "Endelea." Nikaendelea. Chuma cha kusubu ni kigumu, kinaweza kujitengenezea siti ya valvu chenyewe. Alumini ni laini; valvu ikiigonga mamia ya mara kwa dakika, tena kwenye joto la ekzosi, lazima izame. Alumini inapopoa kwenye kalibu hujikunyata kwa kama asilimia 1.3, kwa hiyo ukitumia kifaa chenyewe kama kielelezo, utapata kifaa kidogo kuliko mama yake. Ndiyo maana matundu yangu ya bolti yalikataa. Na yale niliyoyaita kasoro ndogo ilikuwa alumini inaniambia kwamba yenyewe siyo chuma. Sikuisikiliza.

Mhadhiri akaniuliza, "Kwa hiyo kilichokuponza ni kuiga?" Nikajibu ndiyo. Akakataa. Akasema hata Donovan aliiga. Tofauti ni kwamba Donovan alijua kila sehemu ya ile injini ilikuwa inafanya kazi gani, mimi nilijua tu ilivyokaa.

Hiyo ikawa projekti yangu ya mwaka wa nne. Safari hii skrepa ilikuwa pistoni kuukuu, kwa sababu alumini ya pistoni ina silikoni nyingi, inatiririka vizuri kwenye kalibu na ni imara kuliko ya sufuria. Nilichonga kielelezo cha mbao, kikubwa kidogo ili kifidie kule kujikunyata. Kuta nikazinenepesha. Siti za valvu nikazikereza kwa chuma, kubwa kidogo kuliko matundu yake, kwa sababu alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na siti isiyobana itachomoka injini ikipata moto. Hedi tukaipasha joto, siti tukazilaza usiku mzima kwenye friza ya mama muuza soda wa pale karibu na hosteli. Asubuhi ziliingia kwa nyundo mbili tatu. Mama soda alidai nimemwachia harufu ya grisi kwenye maji ya kunywa. Nilimlipa.

Nilipata B. Kwa kweli nilitegemea zaidi, ila ripoti niliichelewesha.

Hedi ilifungwa Desemba. Ninapoandika haya ni miezi saba, na mahindi mapya yameshaanza kuvunwa. Nimeifungua mara mbili kuikagua. Siti zimekaa palepale. Nisiseme uongo lakini: wateja hawajarudi wote. Mashine ya umeme iko karibu na barabara, na mtu akishazoea njia huizoea. Ile laki tatu ya kuchomelea, kama mama angeitoa mwaka ule, huenda angewabakiza wengi. Hilo ni deni langu, na alama ya B hailifuti.

Ile ya kwanza, ya sufuria, ipo. Niliomba nirudi nayo chuoni nikaiweke mezani. Mama akakataa. Anaiwekea mlango wa chumba cha mashine usifungwe na upepo. Mtu akimuuliza ni nini, anasema, "Ni ya mwanangu, aliitengeneza kabla hajajua." Halafu anaonyesha kwa kidole kule kwenye injini inakonguruma.