Wekundu wa Bitiruti Si Damu

Mama mmoja mjamzito alipoambiwa hospitalini kwamba amepungukiwa na damu, jirani alimshauri aache vidonge, anywe maji ya bitiruti, kwa kuwa ni mekundu kama damu. Shauri hilo lilitolewa kwa mapenzi, lakini lina hatari. Wekundu ule ni rangi ya mmea tu. Ndiyo maana aliyekula bitiruti huenda akaona mkojo mwekundu akashtuka bure.

Kiazi hicho ni chakula chema, ila madini ya chuma, yanayohitajiwa ili damu ijengeke, ni mengi zaidi katika majani, ambayo watu wengi huyakata na kuyatupa. Majani hayo hupikwa kama mchicha, pamoja na nyanya.

Mwenye bustani naye hapati hasara. Punje moja ya mbegu huotesha miche kadhaa. Hung'oa iliyosongamana akaila mboga, akaacha mmoja unenepe kwa miezi 2 au 3. Majani makavu huyafanya mbolea.

Basi mama na ale kiazi na majani pia, lakini vidonge vya daktari asiviache.